Mgeni Anapohamia Dar es Salaam

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne



Mwanzoni mwa muhula huu tulikaa bwenini usiku mmoja, kila mtu akataja atakakokwenda baada ya mtihani wa Novemba. Tulikuwa kumi na wawili, na tisa kati yetu wakasema, "Nitakwenda Dar es Salaam." Nikawauliza watafikia kwa nani. Mmoja akasema kwa shangazi, mwingine kwa kaka, na wa tatu akajibu, "Mji ni mkubwa, sitakosa pa kukaa." Neno hilo ndilo lililonifanya niandike. Mimi nami niliingia mji huo nikiwa na mawazo kama hayo, na ugeni wetu nusura utupotezee mdogo wangu. Basi nitaeleza jinsi mji ulivyo na namna mgeni awezavyo kuuzoea, kisha nitasimulia kosa letu, ili mwenzangu asilirudie.

Kwetu ni Mbinga katika Mkoa wa Ruvuma, nchi ya milima, baridi na kahawa. Baba yetu alifariki nilipokuwa Kidato cha Kwanza. Mwaka uliofuata baba mdogo, ambaye ni fundi wa kuchomelea vyuma Dar es Salaam, akamwita mama aende kukaa karibu naye. Mama alifikiri siku nyingi, mwisho akakubali. Alimwachia kaka shamba la kahawa, nasi watatu, yaani mama, mimi na mdogo wangu wa miaka sita, tukafunga mizigo mwezi wa Desemba shule zilipofungwa.

Kutoka Songea hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900. Basi lilitoka alfajiri, likapita Njombe, Makambako na Iringa, likateremka Kitonga polepole, kisha likakata katikati ya Hifadhi ya Mikumi, ambako mdogo wangu aliwahesabu twiga mpaka akasinzia. Tulifika usiku katika Kituo Kikuu cha Mabasi cha Magufuli kilichopo Mbezi, ambacho kilifunguliwa mwaka 2021 kuchukua nafasi ya kile cha Ubungo. Mlango wa basi ulipofunguliwa joto lilitupiga usoni kama mvuke wa sufuria. Mama alikuwa amebeba mablanketi matatu mazito. Baba mdogo alipoyaona alicheka sana, akasema, "Shemeji, haya utayatandika chini, maana ya kujifunika hapa hakuna."

MJI ULIVYO

Mgeni huudhani mji kuwa fujo tupu, lakini una mpango wake, na ukiujua hutapotea ovyo. Upande wa mashariki ni Bahari ya Hindi, ilipo bandari. Kutoka katikati ya mji barabara kubwa zimetawanyika kama vidole vya mkono. Barabara ya Bagamoyo yaelekea kaskazini, ya Morogoro yaelekea magharibi, ya Nyerere yaenda uwanja wa ndege, na ya Kilwa yashuka kusini kwenda Mbagala. Barabara ya Mandela huzikata baadhi ya hizo, ikiiunganisha bandari na Ubungo. Mtu akijua yuko kwenye kidole kipi, na bahari iko upande gani, amekwisha kujua nusu ya mji.

Zamani hapo palikuwa na kijiji kilichoitwa Mzizima. Katika miaka ya 1860 Sultani Majid wa Zanzibar alianza kujenga mji mahali hapo. Wajerumani wakaufanya makao makuu ya koloni lao mwaka 1891, na Waingereza wakautwaa mwaka 1916 wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Kariakoo, ambako ndiko soko kubwa lilipo, kumepata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza kilichoitwa Carrier Corps. Watu wetu walilitamka jina hilo kwa namna yao, likabaki hivyo mpaka leo. Basi hata jina la soko ni la watu waliokuja kutoka mbali na mizigo vichwani.

Serikali imehamia Dodoma, lakini watu hawajaacha kumiminika Dar es Salaam. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika mkoa huo, na sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728. Kwa hiyo katika miaka kumi imeongezeka zaidi ya milioni moja. Baadhi yao walizaliwa hapo, na wengine walishuka katika mabasi na mablanketi yao kama sisi. Mgeni asijione peke yake. Jirani anayeonekana mwenyeji sana, ukimwuliza, huenda akakuambia kwao ni Kigoma, Tanga au Mtwara.

NYUMBA NA MAJI

Tulipangiwa chumba kimoja huko Mbagala, katika nyumba ya vyumba sita. Nyumba za namna hii ni nyingi mjini. Katikati kuna ukumbi mrefu, vyumba vimepangwa kushoto na kulia, mbele kuna baraza, na nyuma kuna uwanja wenye choo na mahali pa kupikia. Kila chumba huweza kuwa na familia nzima. Mwenye nyumba aghalabu hudai kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo mmoja, na kama chumba kimetafutwa na dalali, huyo naye hutaka ujira wake, ambao mara nyingi ni sawa na kodi ya mwezi mmoja. Mgeni asiyejua hayo huja na fedha ya mwezi mmoja mfukoni, akaaibika mlangoni.

Umeme katika nyumba kama hizo huwa na mita moja ya LUKU kwa wapangaji wote, nao huchanga fedha kununua. Hapa ndipo ugomvi huzaliwa, kwa sababu mmoja ana jokofu na mwingine ana taa moja tu. Maji ya bomba ya mji hutoka zaidi Mto Ruvu, nayo hayafiki kila nyumba kila siku. Yasipotoka, watu hununua kwa ndoo. Kule Mbinga sikuwahi kufikiri kwamba maji ya kuoga yana bei. Siku ya kwanza nilioga ndoo mbili, na mama mmoja wa chumba cha jirani akaniangalia bila kusema neno. Siku ya pili nilioga nusu ndoo.

Jambo jingine ni chumba cha bei nafuu kupita kiasi. Kabla ya kukichukua, mgeni aulize maji ya mvua hupita wapi. Mwezi wa Desemba mwaka 2011 bonde la Mto Msimbazi lilifurika vibaya, watu wakafa na wengine wakahamishiwa Mabwepande. Kiwanja kikavu wakati wa kiangazi huweza kuwa njia ya mto wakati wa masika.

KUSAFIRI MJINI

Magari ya abiria huitwa daladala. Wazee husema jina hilo limetokana na dala, yaani sarafu ya shilingi tano, ambayo ndiyo iliyokuwa nauli ya zamani. Mbele ya gari huandikwa linakotoka na linakokwenda, na ubavuni huwa na mstari wa rangi ya njia yake. Mgeni asome kwanza maandishi, asifuate kelele za wapiga debe, maana yeyote kati yao aweza kukuambia gari lake lafika uendako. Pia kuna mabasi ya mwendokasi yaliyoanza mwaka 2016 katika Barabara ya Morogoro, baina ya Kimara na Kivukoni. Hayo yana njia yao peke yao, kwa hiyo hayakwami katika foleni ya magari mengine.

Foleni yenyewe ni mwalimu mkali. Kwetu mtu akisema "nafika sasa hivi," hufika. Mjini mtu hupima njia kwa saa wala hapimi kwa kilomita. Baba mdogo huamka saa kumi alfajiri ili awe kazini saa moja, na hurudi usiku mdogo wangu akiwa amelala. Kuna wiki ambazo mtoto humwona baba yake mdogo Jumapili tu.

KOSA LETU

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe. Usiku ule wa kwanza baba mdogo alitupa wasia. Alisema, "Huku kila mtu na lake. Funga mlango, usimzoee mtu, usimweleze mtu mambo yako." Alisema hivyo kwa kutupenda, kwa kuwa yeye mwenyewe alipofika mjini aliibiwa fedha zote na mtu aliyejifanya ndugu wa kijiji kimoja. Nasi tukautii wasia huo kuliko alivyokusudia. Mama alipika ndani, akala ndani. Tulipokutana na majirani ukumbini tuliamkia haraka tukapita. Siku zote hizo hakujua jina letu mtu yeyote katika nyumba ile, wala sisi hatukujua majina yao.

Mama aliazimia kuanza kuuza maandazi asubuhi. Siku chache kabla ya Krismasi tukaenda Kariakoo, yeye, mimi na mdogo wangu, kununua unga wa ngano na mafuta kwa bei ya jumla. Mtaa wa Kongo siku hizo hujaa watu mpaka ardhi haionekani. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kumshika mtoto mkono. Mama alipotaka kujitwisha unga nikaachia mkono ule nimsaidie. Sidhani kama ilipita hata dakika moja. Nilipogeuka mdogo wangu hakuwapo.

Tulimwita kwa sauti mpaka zikakauka. Tukaacha unga kwa mwenye duka tukazunguka, kisha tukaelekezwa kituo cha polisi. Askari alitupokea vizuri, akachukua kalamu, akauliza, "Mnakaa wapi?" Mama akajibu, "Mbagala." Askari akasema, "Mbagala ni kubwa, mama. Mtaa gani?" Mama akaniangalia, nami nikamwangalia. Askari akauliza tena, "Mwenyekiti wenu wa mtaa ni nani? Mjumbe wenu je?" Hatukujua. "Basi jirani yenu yeyote, tumpigie simu aangalie kama mtoto amerudishwa nyumbani." Hatukuwa na namba ya jirani hata mmoja. Namba ya baba mdogo tulikuwa nayo, lakini simu yake ilikuwa imezimwa kwa kuwa alikuwa kazini akichomelea. Mama yangu, ambaye kule kwetu hujulikana toka mlima hadi mlima, alisimama mbele ya meza ile kama mtu asiye na kwao.

Yalipita karibu saa nne. Alitusaidia kijana mmoja msukuma mkokoteni. Alitusikia tukiuliza watu barabarani, akasimamisha mzigo wake, akasema, "Dada, msikitini wametangaza mtoto. Amevaa fulana nyekundu. Anasema ametoka Mbinga." Tukakimbia. Tulimkuta amekaa juu ya ndoo kando ya mama mmoja muuza matunda, anakula kipande cha tikiti. Mama yule alikuwa amemwuliza anakaa wapi, naye akajibu, "Mbinga." Akamwuliza mtoto wa nani, akajibu, "Wa mama." Zaidi ya hayo hakuwa na la kusema, kwa kuwa hatukumfundisha. Basi akampeleka msikitini, wakamtangaza kwa kipaza sauti mara tatu, kisha akarudi naye kwenye biashara yake akimngoja mwenyewe.

Mama alipiga magoti kumshukuru. Yule mama akamwinua, akasema maneno ambayo sitayasahau: "Usinipigie magoti, mwenzangu. Mimi pia nina wangu. Ila mtoto wa mjini hufundishwa kwanza jina la mtaa wake, ndipo afundishwe kuhesabu. Na wewe binti, mkono wa mtoto hauachiwi hata kwa kiroba cha dhahabu." Mimi nililia njia nzima mpaka Mbagala.

TULIVYOPATA KUJULIKANA

Kesho yake, kabla ya jambo lolote, mama alivaa kanga yake nzuri akatoka barazani. Akamwamkia bibi mwenye nyumba, "Shikamoo, bibi." Bibi akaitikia, "Marahaba, mwanangu. Nilikuwa nangoja siku utakayoketi." Akamwita mmoja wa watoto, akatupeleka kwa mjumbe, na mjumbe akatupeleka ofisi ya serikali ya mtaa.

Yafaa wenzangu wauelewe mpango huu. Mkoa wa Dar es Salaam una wilaya tano, yaani Ilala, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Wilaya hugawanywa katika kata, na kata katika mitaa. Kila mtaa una mwenyekiti anayechaguliwa na wakazi, na uchaguzi huo ulifanyika mara ya mwisho Novemba 2024. Yuko pia mtendaji wa mtaa aliye mtumishi wa serikali. Mgeni huandikisha jina lake katika daftari la wakazi. Baadaye akihitaji barua ya utambulisho, kwa ajili ya kitambulisho cha taifa, kumdhamini ndugu au jambo jingine la namna hiyo, huenda hapo. Wengi hudhani barua ile ni karatasi tu. Lakini mwenyekiti hawezi kuandika kwamba anakujua iwapo hakujui.

Daftari peke yake halitoshi. Baada ya wiki mbili palitokea msiba nyumba ya tatu kutoka kwetu. Turubai likafungwa, viti vikaletwa, wanawake wakakusanyika kupika. Mama alikwenda na ndoo ya maji kichwani na mchango wake mdogo, akaosha masufuria mpaka usiku. Hakuwa akimfahamu marehemu. Lakini kuanzia siku hiyo watu wakaanza kumwita kwa jina la mdogo wangu, Mama fulani, kama wanavyoitwa wenyeji. Waliokula maandazi yake ya kwanza ni wale waliooshana naye masufuria. Baadaye wakamwingiza katika mchezo wao wa kuchangiana fedha kila wiki, na zamu yake ilipofika akanunua karai kubwa na jiko la pili.

Likizo ya Juni niliporudi, mdogo wangu alinipokea kituoni pamoja na baba mdogo. Nikamjaribu, "Unakaa wapi?" Akasimama wima kama askari, akataja mtaa, kata, jina la mwenyekiti, na namba ya simu ya mama bila kukosea. Kisha akanishika mkono yeye mwenyewe.

MASHAURI KWA WENZANGU

Simkosoi baba mdogo kwa kusema mjini kuna wezi. Wapo. Lakini kinga yake si kujificha. Mimi nimejifunza kanuni moja rahisi: ukitaka kuuliza njia au jambo, mwulize mtu aliyekaa mahali pake, kama mwenye duka, fundi cherehani au mama wa genge, kwa sababu kesho utamkuta pale pale. Anayekufuata yeye mwenyewe na kujidai ndugu, huyo ndiye wa kumwogopa.

Pili, kabla ya kuondoka nyumbani, jua unafikia kwa nani, na umwarifu. Chukua namba za simu za watu wawili au zaidi, uziandike katika karatasi, maana simu huisha chaji na huibiwa. Tatu, wiki ya kwanza jitambulishe kwa mwenye nyumba, kwa majirani na katika ofisi ya mtaa. Nne, penye msiba nenda, hata kama huna cha kutoa ila mikono.

Na wazazi wetu mnaosoma gazeti hili, mnapotupa nauli ya kwenda mjini, mtupe na jina la mtu. Nauli huisha siku moja.

Watu husema mjini hakuna mwenyeji. Nadhani husema hivyo kwa kuwa wengi tumetoka mbali, na hilo ni kweli. Lakini mtaa una wenyewe, nao ni wale waliokwisha kujulishana. Yule mwenzangu wa bwenini aliyesema hatakosa pa kukaa, nimempa anwani ya mama na jina la mjumbe wetu. Maandazi yatakuwapo, ila aje na jina lake kamili, na blanketi aliache kwao.